Mguu wa Kusimamia

Kairo, Sayida Zainab
3 Machi 1996

Dada yangu Insaf,

Nakusalimu, na waliomo humu ndani wanakusalimu. Mke wangu Ratiba ni mzima, isipokuwa macho yanamsumbua akishona. Binti yetu Shahira amemaliza mtihani wa nusu mwaka, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Idi imepita. Tulipika, tukala.

Najua ni miezi minane sijakuandikia, nawe hujaniandikia. Nakuandikia kwa sababu ya mguu, maana wewe ni muuguzi na umekaa wodi ya upasuaji miaka kumi na sita, na mimi sina daktari ninayemjua.

Ni mguu wa kushoto. Wa kulia ndio ninaouweka juu ya ile pasi kubwa ya mguu na kuisukuma kwenye meza ya chini, wa kushoto ndio ninaosimamia. Baba alisimama kwa huo huo wa kushoto miaka arobaini kwenye duka hili hili, na mimi huu ni mwaka wa thelathini na tatu. Mishipa imevimba tangu kinena mpaka kifundoni, imejipindapinda, mingine minene kama kidole. Hiyo si habari, uliiona mwenyewe ulipokuja. Habari ni kwamba ngozi ya juu ya kifundo imegeuka rangi ya kahawa na kukakamaa, na tangu katikati ya Ramadhani pana kidonda kidogo ambacho hakifungi. Ikifika alasiri mguu unakuwa mzito kana kwamba nimefungiwa pasi yenyewe. Unauma.

Fangari kinyozi anasema ataniwekea ruba wanyonye damu mbaya. Nimemwambia angoje kwanza jibu lako. Kama ipo dawa ya kupaka, niandikie jina lake. Sitaki mambo makubwa.

Mdogo wako,
Bayumi


Jeddah
29 Machi 1996

Bayumi mdogo wangu,

Salamu nazirudisha kwako, kwa Ratiba na kwa Shahira, na mwambie Shahira kwamba shangazi yake naye hakuwahi kuwa wa kwanza. Barua yako ilifika Alhamisi. Nilikaa nayo mfukoni zamu nzima kabla ya kuifungua. Mimi mzima. Bado niko nyumba ya wauguzi, ghorofa ya tatu, na lifti bado mbovu. Mahujaji wameanza kumiminika na wodi imejaa, kwa hiyo ukikosa barua mpaka Mei usinune.

Hakuna dawa ya kupaka. Anayekuuzia anakuuzia mafuta ya taa. Na Fangari mwambie ruba wake awaweke shingoni mwake. Ngozi ya mguu ule ni mbovu, ukiitoboa haitafunga.

Nikueleze, maana hukuuliza. Ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni mna vilango vidogo. Damu ikipanda vinafunguka, ikitaka kushuka vinajifunga. Kinachoisukuma damu juu ni nyama ya shavu la mguu, nayo husukuma pale tu mtu anapotembea. Sasa wewe, mguu wako wa kulia unakwenda mbele na nyuma mchana kutwa, una afya kama farasi. Wa kushoto umesimama palepale kama nguzo tangu una miaka kumi na sita. Vilango vimelegea, damu inashuka na kukaa, ngozi inakosa riziki yake, inapasuka. Basi. Huo ndio ugonjwa, hauna jicho la mtu wala jini.

Cha kwanza ni soksi za kubana. Nimenunua jozi moja, atakuletea Haja Tahani, jirani yenu, akirudi Umra. Uvae asubuhi kabla hujashusha mguu kitandani, si baada ya chai. Kidonda ukifunge bendeji kuanzia vidoleni kwenda juu. Ukiwa nyumbani lala mguu ukiwa juu kuliko moyo. Kila saa toka dukani utembee mpaka msikitini na kurudi, wateja wangoje. Na uende kwa daktari mwenye kile chombo kinachosikiliza damu.

Hapa nilikuwa nimeandika mistari mingine, nikaikata. Usijaribu kuisoma.

Dada yako,
Insaf


Kairo
20 Mei 1996

Dada yangu Insaf,

Sote wazima. Idi ya kuchinja tulichangia kondoo na jirani. Joto limeanza. Ratiba amepata miwani.

Soksi zilifika. Nilizivaa siku nne, na kweli mguu ulikuwa mwepesi. Siku ya tano Ratiba alizifua. Sasa wewe unajua nyumba hii: kitu kikishafuliwa kinapigwa pasi. Tangu nizaliwe sijawahi kuvaa nguo iliyofuliwa bila kupigwa pasi, hata fulana ya ndani. Nikaziweka mezani, nikajaza maji mdomoni, nikazipulizia, nikashusha pasi. Zilijikunja kama ngozi ya kitunguu motoni, zikaganda kwenye chuma. Nilikuwa nakwangua mpaka adhuhuri.

Mtaa mzima umecheka. Wanasema Usta Bayumi ameunguza nguo kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na tatu, na ilikuwa ya kwake. Nami nilicheka. Watu wakicheka ni adabu kucheka nao.

Wananiita Usta Bayumi siku hizi, kama fundi yeyote. Lile jina lingine hawalitaji. Naona wanavyolianza, “Baba...”, kisha wanalimeza. Si neno. Nao wanatafuta pa kupita.

Kwa daktari nilikwenda. Aliweka chombo chake, nikasikia damu yangu inavuma kama upepo chini ya mlango. Alisema kuna njia tatu, akazitaja haraka, nyuma yangu palikuwa na foleni. Niandikie wewe.

Mdogo wako,
Bayumi


Jeddah
14 Juni 1996

Bayumi mdogo wangu,

Salamu za upendo kwenu nyote. Nimecheka kwenye ngazi ya hospitali mpaka daktari mkuu akaniuliza nimefiwa au nimeolewa. Wallahi katika miaka yote hii nimeona mgonjwa aliyezipoteza soksi, aliyempa mkewe, aliyechujia kahawa. Aliyezipiga pasi ni ndugu yangu peke yake. Nakutumia jozi mbili. Zianike kivulini. Roho isipotulia, zikunje uziweke chini ya godoro uzilalie.

Sasa hizo njia.

Soksi unazijua. Hazitibu, zinazuia. Ukizivua damu inarudi kukaa palepale, na utazivaa maisha yako yote. Kwa mtu mwingine ningesema baki nazo, lakini wewe una kidonda.

Ya pili ni sindano. Daktari anaingiza dawa ndani ya mshipa, kuta zake zinawaka na kugandamana, mshipa unajifunga, damu inatafuta njia nyingine iliyo nzima. Zipo nyingi, usiogope. Huhitaji nusu kaputi, unashuka kitandani unatembea. Ni nzuri kwa mishipa midogo. Wako ni mkubwa na ubovu unaanzia kinenani, kwa hiyo nadhani watakuchoma sindano na baada ya mwaka au miwili itarudi.

Ya tatu ni operesheni. Wanachana kidogo kinenani, wanaufunga mshipa pale unapoingia ndani, kisha wanapitisha waya na kuuvuta wote utoke, kama mtu anavyovuta kamba ya suruali. Ile midogo wanaitoa kwa vitundu. Utakuwa na mavilio ya damu ya rangi zote kwa wiki tatu. Kuna ubaya mmoja niseme: kando ya mshipa ule unapita mshipa wa fahamu, na mara nyingine unaguswa, mtu anabaki na sehemu yenye ganzi ndani ya mguu, karibu na kifundo. Aghalabu inapungua. Mara nyingine haiishi.

Lakini ndiyo itakayofunga kidonda chako. Unaingia asubuhi, kesho yake unakunywa chai kwako. Siku moja tu, Bayumi. Siku moja na shida ya miaka thelathini imekwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Insaf


Kairo
2 Septemba 1996

Dada yangu Insaf,

Salamu. Sote tupo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako niliipata tangu Julai. Nilisoma mara kadhaa.

Mwezi wa nane, siku ya Jumanne, mshipa mmoja ulipasuka dukani. Sikuupiga wala sikujikwaa. Nilikuwa nimesimama napiga pasi kanzu nyeupe ya mtu wa harusi, nikaona doa jekundu kwenye pindo, nikadhani limetoka kwenye kitambaa. Kisha nikaona linatoka kwangu, damu inaruka kama mfereji uliotobolewa. Nilisogeza kwanza kanzu. Fangari alikuja mbio akanifunga kamba juu ya goti kwa nguvu, damu ikazidi. Ratiba ndiye aliyenilaza chini na kuninyanyua mguu juu ya kiti, akakandamiza kwa kidole chake mpaka ikakoma. Sijui nani alimfundisha. Kanzu ilifuliwa kwa maji baridi na chumvi, doa likatoka.

Sikuogopa. Nakuambia tu ilivyokuwa. Nilikuwa naitazama damu na kufikiri, hii ni nyingi, na basi.

Soksi navaa. Operesheni bado sijaamua. Dukani kuna kazi.

Bayumi


Jeddah
19 Septemba 1996

Bayumi,

Wasalimie wenzako. Hali yangu ni ya mtu aliyesoma barua yako.

Ratiba alifanya sawa, na umbusu mikono kwa niaba yangu. Mshipa huo ukipasuka unalala, unanyanyua mguu, unakandamiza pale pale panapotoka. Kamba ya Fangari inaziba damu isipande, basi itoke wapi isipokuwa kwenye tundu? Ungekuwa peke yako umesimama unamwokoa bwana harusi kanzu yake, leo ningekuwa naandikiwa habari nyingine na mtu mwingine. Nimeshaandikiwa moja. Sitaki ya pili.

Miezi mitatu nangojea neno moja, ndiyo au hapana, na wewe unanipa habari za maji baridi na chumvi. Nini kinakuzuia? Daktari yupo. Nauli ipo. Likizo mimi sikupata, sitakuja, usiningoje mimi. Unaogopa kisu? Umewahi kubeba pasi ya ratili sitini ikiwa nyekundu, uogope kisu? Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo walivyosema wazee, nami naanza kuwaamini.

Insaf


Kairo
11 Oktoba 1996

Dada yangu Insaf,

Nakusalimu. Ratiba yu mzima. Shahira ameanza darasa jipya.

Umeuliza nini kinanizuia. Nitakuandikia mara moja, kisha tusirudie.

Tangu Julai ya mwaka jana mimi sihisi kitu. Si mfano. Siku walipomleta mwanangu kutoka barabara ya Suez watu walilia hapa mpaka wakaishiwa sauti, nami nilikuwa nahesabu viti. Ratiba alinipiga kifuani kwa ngumi, nikamshika mikono asijiumize. Nala, sijui tamu wala chungu. Nasali, midomo inakwenda. Kinachouma katika mwili wangu ni mguu huu tu. Asubuhi ukianza kuuma najua kumekucha na mimi ni yule yule.

Hiyo ni moja. Ya pili ni nzito zaidi.

Unakumbuka kwa nini nilikuomba umtafutie kazi Hilmi. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na siku moja alipandisha suruali dukani avae soksi alizoazima kwangu, nikaona nyuma ya goti lake la kushoto mshipa mmoja wa buluu umeanza kuinuka. Mmoja tu. Nilimwona Baba, nikajiona mimi. Nikakuandikia: mtafutie kwenye dobi la hospitali, lenye pasi za mvuke, mtu anasimama kwa miguu yote miwili. Ukapata. Akapanda basi kwenda kwenye meli, na basi halikufika Suez.

Sasa wewe unaniandikia kwamba ni siku moja. Unaingia asubuhi, kesho yake unakunywa chai. Insaf, kama mguu huu unatibika kwa siku moja, mwanangu alikwenda kutafuta nini?

Niache nisimame nao.

Koti lake la kijivu bado liko dukani. Alilinunua mtumba kule Bulaki, akaliacha akasema Jeddah hakuna baridi, nipigie pasi, nikirudi nitalivaa kwenda kuposa. Ratiba anataka tulitoe sadaka. Nimemwambia siwezi kumpa mtu nguo yenye mikunjo, nitatukanwa. Kulipiga pasi sijapata nafasi.

Bayumi


Jeddah
30 Novemba 1996

Bayumi ndugu yangu,

Nisamehe. Ulichoandika nilikisoma mwishoni mwa Oktoba, na mpaka leo nimeanza barua sita. Ratiba na Shahira nawasalimu. Ile methali niliyokurushia naifuta, kama maneno yanafutika.

Nilisema sikupata likizo. Nilipata. Nilipata mwaka jana pia, wiki ya msiba. Sikuja kwa sababu mkataba niliutafuta mimi, kwa mkono wangu, na nilijua nikifika mlangoni utanitazama. Hata kama usingesema neno ungenitazama.

Siku ile nilikwenda bandarini. Simu ya Ratiba ilikuwa haijanifikia, waliipokea nyumba ya wauguzi wakaiandika kwenye karatasi, karatasi ikakaa mezani. Meli iliingia baada ya alasiri. Nilisimama kwenye uzio kwa muda wa saa nne, watu wakatoka na magodoro na mafeni mpaka wakaisha, Hilmi hayumo. Nikasema kijana huyu kachelewa basi, kalala, ndiyo tabia yake. Nikamkasirikia, Bayumi. Nilirudi nimekasirika, nikaula peke yangu mchuzi wa mulukhiya niliompikia, nikimtolea maneno. Alikuwa amekwisha zikwa siku mbili. Nimeuguza watu wengi na nimeona mengi, lakini ile sahani ndiyo inayonirudia.

Uliuliza alikwenda kutafuta nini. Ninacho kitu ambacho nimekuficha, kwa kuwa aliniomba nifiche. Kabla ya safari Hilmi aliniandikia barua. Nakunakilia mahali penyewe: “Shangazi, usimwambie Baba. Mimi sipendi kupiga pasi, kwa mguu wala kwa mvuke. Nikifika nitakaa dobi mwezi mmoja kwa heshima yako, halafu nitafutie kazi ya kuendesha gari la wagonjwa. Leseni ninayo, nilijifunza siku nilizomwambia Baba nimekwenda kwa daktari wa meno.”

Meno hayakuwa yanamuuma, Bayumi. Wala mguu hakuujali. Wewe uliuona ule mshipa, yeye hakuuona. Alikuwa kijana anataka gari na king’ora. Angeondoka hata kama ungekuwa na miguu ya chuma.

Basi mguu wako haumdai kitu, nao haukumtuma popote. Uutibu, au usiutibu. Mimi sitasema tena. Nakuuliza jambo moja tu, nawe jibu ukiweza: unanilaumu?

Insaf


Kairo
6 Januari 1997

Dada yangu Insaf,

Nakusalimu kabla Ramadhani haijaingia. Ratiba anasafisha nyumba. Shahira ana mafua.

Nilifanyiwa operesheni tarehe kumi na saba Desemba. Waliniuliza kama nataka kulala au kuchomwa mgongoni, nikasema mgongoni. Nilisikia wanavuta. Haikuuma, ilikuwa kama mtu anavuta uzi kwenye nguo uliyoivaa. Daktari alinionyesha mshipa kwenye sinia. Mrefu kuliko nilivyodhani, umejipinda, rangi ya utumbo wa kuku. Kesho yake nilikunywa chai kwangu. Ulisema kweli.

Kidonda kinafunga. Daktari ameniambia nitembee, nisisimame mahali pamoja, nivae soksi mpaka kiangazi. Mavilio yapo, ya zambarau na ya njano. Na ile ganzi uliyoitaja ninayo. Ni hapa ndani juu ya kifundo, upana wa kiganja. Ratiba alinigusa kwa sindano nikiwa nimefumba macho, nikamwambia anza, kumbe alikwisha maliza.

Kwa hiyo sasa hata mguu hauumi. Asubuhi naamka na hakuna kitu. Nakuambia tu.

Habari za meno nilizisoma dukani. Mwezi wa nne, wa tano na wa sita alikwenda kwa daktari wa meno mara tisa. Nilikuwa namwambia Ratiba mtoto huyu ana meno mabovu kama ya wajomba zake, tukagombana. Nimemweleza. Amesema, “Wajomba waombwe radhi.”

Swali lako. Uliniandikia mara mbili kwamba nafasi ya kazi kwa Hilmi hakuna. Barua zote mbili ninazo. Mimi ndiye niliyeshikilia. Sikulaumu, na sikuwahi. Ningekutazama tu, kwa kuwa una macho ya Baba.

Bayumi


Jeddah
26 Januari 1997

Bayumi ndugu yangu,

Funga njema kwenu. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini.

Nimekata tiketi. Nakuja tarehe kumi Aprili, nitakaa mpaka baada ya Idi kubwa. Nitashuka uwanja wa ndege, usinifuate, nakuja mwenyewe.

Hiyo sehemu yenye ganzi iangalie kila siku kwa macho, maana ngozi haitakuambia kitu. Maji ya moto, kiatu kibaya, mbu, hutajua. Na ukirudi kazini usiikaribishe pasi.

Insaf


Kairo
2 Machi 1997

Dada yangu Insaf,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Shahira amepona. Ratiba amekwisha fua mashuka ya kitanda chako na nimeyapiga pasi mimi, na zile soksi sijazigusa.

Barua yako ilifika, na nilikwisha kosea.

Unajua siku ya mwisho ya Ramadhani ilivyo dukani. Wiki nzima mtaa unaleta kila ulicho nacho. Nilikuwa nimerudi kazini nusu siku nusu siku, nikamchukua mpwa wa Fangari anisaidie zile nzito. Ilipofika alasiri ya siku ile wateja wote walikuwa wamekuja, wamechukua, wamesema kila mwaka na wewe u mzima, wameondoka. Nikatazama ukutani. Misumari yote mitupu, imebaki nguo moja.

Nikalitoa lile koti, nikaweka pasi motoni. Nikalitandaza mezani. Mfukoni mlikuwa na tiketi ya basi la mjini na ganda la mbegu za tikiti, nikaviweka kando. Nikajaza maji mdomoni nilipulizie, nikashindwa kupuliza. Nikayameza. Nikajaza tena, nikameza tena. Niliyameza mara tatu, na ilikuwa saumu, Insaf, ya siku ya mwisho, nitailipa. Mara ya nne yakatoka.

Niliogopa kuusimamia mguu wa kushoto, umeshonwa juzi. Kwa hiyo nikabadilisha. Nikasimama kwa wa kulia, nikaweka wa kushoto juu ya pasi. Miaka thelathini na tatu sijawahi kufanya hivyo, na Baba hakuwahi. Ulikuwa mzito na mjinga, lakini ulikwenda. Nikafanya mgongo, nikafanya mikono. Nilipofika kwenye ukosi nikasikia harufu ya kuungua.

Nikanyanyua pasi haraka nikatazama kitambaa. Kizima. Nikageuza upande wa pili. Kizima. Nikalinusa lote. Ndipo nikatazama chini, nikaona kifundo changu kimeegemea shingo ya chuma, na ngozi imeungua upana wa vidole viwili. Harufu ilikuwa yangu. Sikuhisi chochote.

Nikashukuru kuwa si koti. Nilisema kwa sauti, “Alhamdulillahi, si koti,” na sauti hiyo ilipotoka ikavuta nyingine nyuma yake. Nilikaa sakafuni nikalia. Nililia kama walivyolia wale watu siku ile, mwaka mmoja na miezi saba nyuma yao. Mizinga ya futari ilipigwa nikiwa palepale. Ratiba akaja kuniita chakula, akanikuta. Alikaa chini kando yangu na ile nguo yake mpya ya Idi kwenye vumbi la makaa, akaniambia, “Umechelewa. Nilikuwa peke yangu huku.”

Kidonda cha moto ananifunga yeye, usije na maneno makali. Kinapona. Pembeni pake pameanza kuwasha, daktari anasema ni dalili njema.

Koti sasa limenyooka, sina tena sababu ya kulizuia. Kuna kijana wa muuza maharage ya ful anaposa baada ya Idi kubwa, na mabega yake na ya Hilmi yanalingana. Nimemwambia Ratiba tungoje mpaka tarehe kumi Aprili, ulione kwanza, ulishike, kisha tumpe pamoja. Nakufuata uwanja wa ndege, utake usitake. Nitasimama kwenye uzio mpaka utoke.

Ndugu yako,
Baba Hilmi